Marufuku ya Duara

Ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la Kibuye,
msanifu Akeyo amepiga marufuku duara.
Mistari myeusi ti inakata ukuta:
hapa nyekundu, pale buluu,
na weupe mwingi usio na kazi.

Fundi Oduk, penseli sikioni, anauliza
picha yenyewe itachorwa lini.
"Ndiyo hiyo."
Anacheka mpaka brashi inadondoka.

Saa nne, mwanga ukirudi kutoka mabati ya soko,
Mama Nyangweso anatua birika
katikati ya meza ya manjano,
anarudi nyuma hatua mbili, anatazama.
"Mama yangu alisiriba hivi,
kwa udongo na majivu.
Hakuhitaji rula."

Akeyo anakunja ramani.
Birika limeondoka, duara la chai limebaki mezani.
Hajalifuta.