Usiku Kucha

Zamu yangu huanza saa tatu usiku.
Naosha mikono kabla ya mgonjwa, baada ya mgonjwa,
kabla ya glavu, baada ya glavu,
kwa ile spiriti ya ukutani inayonuka wodi ya Bombo.
Usiku kucha, wanasema watu.
Usiku ninao.
Kucha ndizo sina.

Zangu zinamenyeka tabaka tabaka
kama kitunguu kilichosahauliwa kapuni,
zinanasa kwenye soksi, kwenye sweta ya sufu,
kwenye nywele za mwanangu ninapomsuka.
Ya dole gumba la kulia imepasuka kwa upana
hadi pale nyama inapoanza kusema.
Na Jumamosi Mwanakheri anaolewa Bradford,
mimi ndiye mama mdogo, mimi ndiye wa kumvisha mkufu,
mbele ya kamera tatu.

Basi nimeingia kwa Phuong, hapa Harehills,
kati ya bucha na duka la simu,
mvua ya Leeds ikinisukuma mlangoni kama mdai.

Bei ziko ukutani. Nazisoma kama mtu anayesoma dawa.
Akriliki, pauni thelathini na tano, ngumu kama kigae.
Saumu wa duka la simu alizivaa miezi minane,
ndefu, zambarau, zikigonga kioo cha kaunta kwa madaha,
kisha siku moja akazing'oa kwa meno ndani ya basi
na chini yake akakuta karatasi ya sigara.
Jeli, na taa yake: kidole kinachoma, unaambiwa vumilia.
Unga wa kuchovya, kama andazi kwenye sukari.
Na za kubandika, pauni sita pamoja na gundi,
zitakazodumu, Mungu akipenda, hadi mwisho wa pilau.

Phuong hanitazami usoni. Ananishika dole gumba,
anapinda ncha ya ukucha taratibu
kama anayejaribu bamia sokoni.
"Huu haubebi mzigo," anasema,
Kiingereza chake na changu vikikutana nusu njia.
"Ukiweka refu, likianguka, linaondoka na lako."

Nilikuwa na hoja zangu tayari.
Kazini za bandia ni marufuku, lakini nina likizo ya siku tatu.
Maji ya udhu hayapiti, lakini…
Hoja zote zilikuwa na lakini.

Kumbe nilikuwa namuwaza Bi Enid wa chumba cha saba.
Miaka tisini na miwili, amesahau mume, amesahau kijiko,
lakini kucha zake! Pembe tupu.
Naziloweka kwanza ndipo mkasi ukubali.
Juzi alinigeuza kiganja, akakitazama sana, akauliza:
"Nani anakula vidole vyako?"
Nikasema, sabuni.
Akaitikia kama anayemfahamu.

Phuong anavuta droo ya chini kabisa.
Hariri, kipande cha nusu ya stempu.
Tone la gundi, pumzi, tupa laini, tone jingine.
Maishani nimevaa viraka vingi;
hiki ni cha kwanza cha hariri.
Zile tisa anazikata fupi, fupi kuliko nilivyotaka,
ananipa kichupa cha mafuta ya lozi: asubuhi, na kabla ya kulala.
"Nalala asubuhi," namwambia.
Anacheka. "Basi mara mbili asubuhi."

Pauni tisa. Rangi nitaiomba kwenye hina ya bibi harusi,
ile isiyogombana na maji,
na kiraka nitakihesabu bandeji.
Aliyeumba nyama anajua inavyouma.

Saa kumi na mbili nafungua pazia la chumba cha saba.
Kumekucha, Bi Enid.
Haelewi neno, lakini ananyoosha mkono, ananishika dole gumba,
anatafuta palipopasuka.
Hapaoni.
Anahamia kidole cha pili.