Ndoo ya Udongo

Nilizaliwa penye kivuli.
Mtambile bondeni, jua lilitufikia limechujwa,
limepita mdoriani, limepita mkarafuu,
likaanguka uani vipande vipande kama chenji.
Udongo ulikuwa mwekundu, wa kung'ang'ania kisigino
kama mtoto asiyetaka mamaye aende sokoni.
Hata kuta zilitoka jasho.
Hata chumvi, mama aifunge vipi, iligeuka maji.

Nikaolewa Kiuyu.

Kiuyu hakuna mlango wa kuufungia mwanga.
Mawe yamechomoza ardhini
kama meno ya mtu anayecheka peke yake.
Siku ya kwanza nilitafuta mti wa kusimama chini yake,
nikapata mchongoma ulionifika kiunoni.
Mkwe wangu, Bi Mize, akaniambia:
"Hapa kivuli hukitengeneza mwenyewe, mwanangu.
Vaa ukaya."

Nilijua kuchambua karafuu gizani:
kidole gumba, kiganja, konyo huku, karafuu kule.
Nikajifunza kufunga mwani:
kidole gumba kile kile, fundo, shina, fundo,
maji magotini, mgongo mbinguni,
kamba toka kigingi hadi kigingi,
na Chumu pembeni akinisimulia watu nisiowajua
mpaka nikawajua.

Sikusema nimepapenda. Hakuna aliyeniuliza.
Ila siku moja ya bamvua kubwa,
bahari imejiondokea zake,
imeacha mchanga mtupu unaometameta hadi mwambani,
nilikiona kivuli changu kizima,
mara ya kwanza maishani, bila tawi juu yake.
Kirefu!
Nikakipungia mkono.

Mwaka wa pili nilitoka kwetu na ndoo ya udongo,
nimeipakata garini kama mgonjwa.
Nikaumimina katika shimo la jiwe nyuma ya jiko,
nikapanda tangawizi,
kila alfajiri nikaigawia maji yaliyobaki ya udhu.
Bi Mize alipita, akatazama, asiseme kitu,
na kunyamaza kwa Bi Mize kuna herufi kubwa.
Tangawizi ikatoa vidole viwili vya kijani.
Upepo wa chumvi ukavikunja, basi.

Sasa nikienda Mtambile msimu wa karafuu
huamka saa nane za usiku, masikio wima:
maji yanakupwa.
Maji gani? Huku kuna vyura,
kuna popo wanaogombea shokishoki,
kuna matone yanayoendelea kudondoka juu ya bati
saa nzima baada ya mvua kwisha.
Miguu yangu, chini ya shuka, inahesabu mwezi.
Kaka yangu Shaame hucheka: "Umeshakuwa kaa wewe."
Nami nikirudi Kiuyu, nikikaa barazani, wingu likitanda,
mkono hunitoka wenyewe kukunja jamvi la karafuu
ambalo halipo.

Zamani niliuita ugonjwa.
Nilidhani mtu ana kitovu kimoja,
kimezikwa chini ya mgomba, na maneno yamekwisha.
Kitovu changu kiko Mtambile, sikatai.
Lakini damu ya nyayo zangu, iliyotolewa na matumbawe,
iko Kiuyu, kidogo kidogo, miaka kumi na tisa.
Nayo imezikwa.

Jana, baada ya mvua ya vuli,
nilikwenda kuanika mwani nyuma ya jiko.
Pale shimoni pa tangawizi marehemu
alitoka konokono wa bondeni, mnene, wa kahawia,
niliyemleta bila kujua,
yeye, au bibi yake mzaa bibi.
Alikuwa akiupanda ukuta wa mawe,
ukuta uliojaa konokono wengine, wa baharini,
wa enzi na enzi, waliokwisha kuwa jiwe.
Akapita juu yao taratibu, akiacha utelezi.
Hakuuliza njia.

Nikamwita Bi Mize aje aone.
Akaja na fimbo, akainama, akatazama sana.
"Huyu," akasema, "ameshakuwa wa hapa.
Mwondoe tu kwenye mwani wangu."