Yule Ng'ombe Alipatikana?

Mchana nachapa barua za watu
hapa steshenari ya Nkuhungu:
YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA.
YAH: KUOMBA UHAMISHO KUMFUATA MWENZA.
Ukurasa mia tano, kopi mia.
Nimeandika "wako mtiifu" mara nyingi
kuliko nilivyoandika jina langu.

Usiku, Nyemo akishalala,
nageuza zile karatasi zilizoharibika,
na nyuma ya mtu aliyeomba kazi
naanzisha mvua.

Halafu kuna kazi ya tatu,
ambayo shuleni hatukufundishwa:
kujitangaza.
Mdogo wangu Mbijima alinifungulia ukurasa,
akanipiga picha kwenye ukuta wa jirani
maana wetu umebanduka rangi.
"Cheka, dada. Mwandishi aliyenuna hanunuliwi."
Nikacheka. Upepo wa Agosti mnaujua.
Mnaosema picha ile inang'aa,
hiyo ni Dodoma, imo katikati ya meno.

Akanibandikia ratiba kwa wino mwekundu:
Jumatatu nukuu,
Jumatano hadithi,
Ijumaa swali la kuwachangamsha wafuasi.
Jumapili pumzika,
ila uweke picha ukiwa umepumzika.

Nikatii.
Nikazijua bei za vifurushi
kama ninavyoijua bei ya unga wa uwele.
Siku moja nilikuwa nahesabu waliopenda,
arobaini na moja, arobaini na mbili,
mlenda ukashika chini ya sufuria,
na harufu ilipofika kwa jirani
yeye ndiye aliyekuja kuniambia.

Mama alishuka kutoka Hombolo na ndoo ya zabibu,
vidole bado vyeusi kwa kupogoa.
"Una watu wangapi humo ndani?"
"Elfu moja mia mbili na sita, mama."
Akatazama mlango. Akatazama mkeka.
"Siku ya msiba watakaa wapi?"

Kisha Nyemo akashikwa na homa.
Siku kumi na tisa sikuweka kitu,
na hadithi nilikuwa nimeiacha pabaya:
ng'ombe wa mjane kakata kamba, kavuka reli,
giza linaingia. Itaendelea.
Wafuasi wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga,
kama wageni wa harusi iliyoishiwa wali.
Mbijima alinitumia hesabu kila jioni.
Sikuzisoma. Nilikuwa nasoma kipimajoto.

Siku ya ishirini, ujumbe wa sauti.
Nyuma yake lori linapiga honi,
mtu anataja kilo kwa ukali.
"Mbukwa, dada. Naitwa Chilongani,
nabeba magunia hapa soko la Kibaigwa.
Hadithi yako nawasomea wenzangu
tukipumzika juu ya mahindi.
Mzee Ndahani hajui kusoma,
na ndiye anayetusumbua kuliko wote.
Tunauliza tu.
Yule ng'ombe alipatikana?"

Nikausikiliza mara nne.
Mara ya tano niliisikiliza honi peke yake.

Niseme kweli, sikuwa na jibu.
Yule ng'ombe nilimpoteza
kwa sababu Jumatano ilikuwa imefika
na Jumatano inataka kitu.
Sikuwahi kumwangalia hata rangi.
Na huko Kibaigwa mtu mzima,
gunia la kilo mia mgongoni,
anamtafuta kwa niaba yangu.

Usiku huu homa imeshuka.
Nyemo ameomba uji, akamaliza, akaomba tena.
Simu nimeilaza kifudifudi.
Nimechukua karatasi, nimeigeuza:
nyuma yake kuna mtu
aliyeripoti kupotelewa na kitambulisho.
Mjane nimempa kanga ya kujifunga kiunoni.
Ng'ombe ni mwekundu, ana baka jeupe shavuni,
pembe moja imepinda kuelekea sikio.

Mbijima, leo hakuna picha.
Tumeshavuka reli,
tochi ni moja, tunaishika kwa zamu,
na upande wa korongo nimesikia kitu
kikitafuna.