Herufi Kinyumenyume

Nachonga mihuri mkabala na Posta, Lubumbashi,
kwa wembe, mpira wa tairi la lori la mgodi,
na jicho moja linaloisoma dunia kutoka kulia.
Neno likininyookea mimi, kwenye karatasi limepinda.
Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Umeme ukikatika
vibanda vya kupiga chapa hunyamaza
na wanafunzi huja kukaa kwenye benchi langu.
Juzi alikaa Nseya, tasnifu yake haijatoka yote,
akazisoma kurasa kwa sauti, akisaka makosa:

kwamba palikuwa na mfalme wa Hispania
ambaye hakuwahi kuvuka maji kuiona milki yake,
akaikata kwa kalamu.
Mlima wa fedha wa Potosí, uliokuwa ukihesabiwa Lima,
asubuhi moja ukaamka ni wa Buenos Aires.
Mlima haukusogea.
Waliokuwa tumboni mwake na nyundo hawakusogea.

Nikauliza: mwaka gani?
Akasema: elfu moja mia saba sabini na sita.
Nikacheka hadi wembe ukaniponyoka.
Mimi nilidhani ananisimulia Kolwezi.

Kwani nilikuwepo, elfu mbili na kumi na tano,
Katanga ilipokatwa vipande vinne kama mkate wa matanga.
Wiki ile sikulala.
Wakuu wapya walipanga foleni kabla viti vyao havijafika,
vyeo wanavyo, meza hawana,
kila mmoja anataka duara, chui katikati, na leo hii.
Wawili mpaka sasa hawajanilipa.

Endelea, nikamwambia Nseya.

Wale makoregidori, akasoma,
walikuwa wakiwauzia watu nyumbu kwa nguvu:
humtaki, huna pa kumlisha,
lakini umeandikwa, na deni ni lako.
Watu wakaasi, damu ikateremka milimani.
Ndipo mfalme akawafuta makoregidori,
akaleta maintendenti wenye mshahara na maagizo marefu,
na chini yao wasaidizi, ambao mshahara haukuwatosha.
Akanyamaza, anapekua.
Halafu?
Halafu nyumbu akarudi.

Nina kopo la maziwa ya unga, ndani mna mihuri iliyokufa.
Elisabethville, ya baba.
Shaba, ya baba pia,
mkono wake umeanza kutetemeka kwenye B.
Katanga, yangu, kingo bado kali.
Mwaka ule alinijia Mama Kisimba, cheti kimekataliwa dirishani:
mtoto kazaliwa Kolwezi,
muhuri ni wa jimbo lisilokuwepo.
Basi na mtoto hayupo? aliniuliza,
kana kwamba aliyekata ni mimi.
Mtoto alikuwa mgongoni, anatafuna kona ya cheti.
Nilikuwa na vyote viwili mezani, muhuri wa kale na mpya.
Sitasema niliugonga upi.

Umeme uliporudi Nseya hakuinuka.
Aliomba nimchongee muhuri wa jalada, INTENDENSIA YA POTOSÍ,
wa mzaha, alisema, profesa acheke Jumanne.
Nilimchongea kwa nusu bei.
Ile alama juu ya Í ilinitoa jasho
kuliko chui wote niliowahi kuwapa meno.

Akihesabu faranga zake akaniambia
katika nyaraka zote alizosoma
kuna jina la mfalme, la waziri, la intendenti,
hata la karani aliyenakili huku akipiga miayo,
na hakuna popote jina la aliyechonga.

Nikampulizia vumbi la mpira, nikamkabidhi.
Hakuugeuza.
Kila muhuri wangu, ubavuni, pale wino haufiki,
una S ya Sompwe, ndogo kama sisimizi,
na hiyo peke yake
naichonga ikitazama sawasawa.