Ukuta wa Mwaloni

Umekuja na simu, Lugembe, unanionyesha kuta zako:
ya Lisboni, ndege uliyemchora peke yako, siku tisa juu ya jukwaa;
ya Dakar, mlipogawana na binti mmoja, yeye maji, wewe mitumbwi;
ya Valparaiso, na mzee fulani,
lugha yake huijui, yako haijui,
mkaelewana kwa kupokezana brashi.

Nimeona. Hongera.
Sasa tuje kwenye ukuta wangu.

Huu ni wa stoo ya dagaa, hapa Mwaloni, Kirumba.
Unyevu umeila plasta hadi usawa wa kiuno.
Chora sato. Chora mawe yetu yaliyobebana.
Chora hata huyo ndege wako wa Ureno,
buluu tu usinibanie.

Lakini pale chini, karibu na bomba,
palipoandikwa USIKOJOE HAPA FAINI ELFU TANO,
J yake imepinda kama ndoana,
pale brashi isipite.

Ni mkono wa marehemu Majebele.
Aliandika kwa lami, ana homa, anacheka,
na faini hakumtoza mtu hata siku moja.

Ukanyamaza. Ukachuchumaa.
Ukayapima maneno kwa kiganja.

Siku ya nne sato amefika, mkubwa kuliko lori,
magamba yanakwepa kila herufi,
mdomo wazi juu ya maandishi,
utadhani ni yeye anayekataza.

Pembeni ukasaini: Lugembe.
Kisha, bila kugeuka, rangi ikidondoka,
ukaniuliza jina la mwenzako linaandikwaje.