Joho la Kuazima

Ibra, asubuhi ya maonyesho ya farasi.
Nimesimama mbele ya kioo cha Bi Ghaniya,
joho la jirani mabegani,
limenizidi urefu kwa vidole viwili.

"Hiyo mikogo," asema, sindano mdomoni.
"Fahari haitazami kioo."
Akaanza methali ya nguo ya kuazima,
akaiacha njiani kwa ajili ya watoto.

Shangazi yangu huyu, mzaliwa wa Wete,
ana neno kwa kila namna ya kung'aa:
farasi mwenye njuga, madaha;
mwenye farasi, ajuaye kamera iko wapi, mbwembwe;
wazee wa ngoma na panga zao, taadhima;
na vijana waliokwea ukuta wa udongo wakadondosha juisi,
shamrashamra.
Afisa aliyesoma kurasa kumi na moja juani,
huyo alimtafutia neno kitambo,
mwisho akasema tu: "Masikini."

Mimi nilipita na bakora yangu,
pindo likifagia vumbi.
Nikasikia vigelegele, nikadhani vyangu.
Kumbe nyuma yangu anakuja
ndama wa ngamia, kavishwa shanga.

Jioni nimelirudisha joho
na halua nusu kilo juu yake.
Uzi mmoja wa zari ukanibakia begani.
Bi Ghaniya akauchomoa,
akalamba ncha, akaupenyeza tunduni,
akaendelea na kofia aliyoianza tangu Rajabu.

"Na huu unaitwaje?"

"Uzi," akasema. "Washa taa."