Sita na Nusu

Juu ya duka la vigae, Sinza Makaburini,
ghorofa ya pili, feni mbili, moja mbovu,
Chiduo hunipandisha kwenye mkanda
kama anayempandisha bibi yake kwenye kivuko:
taratibu, mkono tayari.

Tano, anasema, ni kutembea.
Nane ni kukimbia.
Hapo katikati, mama, usikae sana.

Ndipo ninapokaa.
Sita na nusu: kwa kutembea ni haraka mno,
nyonga zinagombana kama mawifi jikoni;
kwa kukimbia ni polepole mno,
nadundadunda palepale
kama aliyebanwa na haja kwenye foleni ya benki.
Naitazama namba nyekundu. Namba hainitazami.
Kidole kinakwenda kwenye alama ya kujumlisha,
kinarudi.
Miaka ishirini na sita nimejumlisha fedha za watu
bila kidole kutetemeka.

Mwenda bure si mkaa bure, walituambia.
Hawakuuona mkanda huu,
ambapo mwenda na mkaa ni mtu mmoja,
jasho ni lake, ukuta ni uleule,
na juu ya ukuta bango la kijana mwenye tumbo la matofali.
Kilomita mbili. Nashuka.
Bado niko Sinza.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa kwenye nane.
Mkanda ulisimama; mimi sikuambiwa.
"Mbio za sakafuni..." akaanza Chiduo, akicheka,
na hakumalizia,
maana ukingo nilikuwa nimeukumbatia kwa mikono miwili.

Kisha ikaja Jumamosi ya transfoma kuungua.
Mlango una kufuli. Raba ninazo miguuni.
Nikasema basi, niende hadi Kumekucha nirudi.
Saa kumi na mbili kasoro, lami bado baridi.
Nilitembea. Hakukuwa na namba.
Kulikuwa na mtaro usio na mfuniko, nikauruka;
mbwa wa mlinzi, aliyeinua sikio moja
akaona sina faida;
na baada ya kituo cha mafuta, mteremko mdogo
ambao miaka yote ya kupita na gari
sikuwahi kujua kuwa ni mteremko.

Mama mmoja, ameinamia chuma cha vitumbua,
akapaza sauti bila kuacha kugeuza:
"We Mama Tunu, kulikoni? Msiba?"

Hapo ndipo nilipojua nakimbia.

Sikumbuki nilivuka wapi. Tangu siku ile
nautafuta mpaka huo
kama mtu anayetafuta dakika aliyoshikwa na usingizi.
Ilikuwa kabla ya mbwa? Kwenye mteremko?
Labda ni pale mtaroni: mguu mmoja uliondoka
kabla mwenzake hajakumbuka kutua,
na kwa kitambo cha kupepesa kope
hakuna sehemu yangu iliyokuwa mali ya ardhi.
Kumbe kukimbia ni hilo tu,
kutokuwa popote, mara nyingi, mfululizo.

Sikumjibu. Pumzi haikutosha maneno;
nikapunga mkono kusema si msiba.
Nikaipita Kumekucha. Nikaipita Mwenge,
makuli wakishusha viroba vya mkaa.
Nikakoma Mlalakuwa, mikono magotini,
ndipo nikakumbuka lile ambalo mashine haijawahi kunidai:
nje, kila hatua ya kwenda
ina deni la hatua ya kurudi.
Na mfukoni sina hata nauli.

Nikarudi kwa miguu. Tano. Mwishoni nne, labda tatu,
jua limekaa shingoni,
goti la kulia likinung'unika kama mpangaji.
Kwa yule mama nikakopa vitumbua viwili.
"Sasa ulikuwa unawahi nini?"

Kilikuwa cha moto.
Nikakihamisha shavu hili kwenda lile,
yeye akisubiri, mwiko hewani,
na mimi, mtu wa hesabu, sina jibu.